Kutu chini ya kitako: namna ya kuokoa bunduki ya zamani ya uwindaji

"Fundi, bunduki ya marehemu mzee imeshika kutu, nipake nini?" Swali hili halikauki, na mara nyingi anayeuliza tayari ana msasa mkononi. Weka huo msasa chini kwanza. Kutu imechukua miaka arobaini kula unene wa karatasi. Msasa utakula zaidi ya hapo kabla chai yako haijapoa, na utaondoka na ule weusi wa kiwandani, maandishi ya juu ya mtutu, na zile alama ndogo za taji zilizogongwa Birmingham au London kuonyesha kwamba mtutu ulijaribiwa ukapita. Hivyo vikishaondoka havirudi.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyerithi au kununua kihalali raifo ya boliti (kile kitasa cha chuma unachokivuta na kukisukuma ili kuingiza risasi) yenye kitako cha mbao: Mauser, BSA, BRNO, Mannlicher, Rigby na jamaa zake. Nyingi zililetwa huku Afrika Mashariki na walowezi na wawindaji wa kulipwa, zikazunguka Selous na Umasaini, kisha zikalala kabatini. Za Kenya zimelala muda mrefu zaidi, maana uwindaji ulifungwa huko mwaka 1977. Kama yako ina mitutu miwili iliyolala sambamba, usifuate hatua hizi. Mitutu ile imeunganishwa kwa lehemu laini, na maji au dawa ikiingia katikati yake hutaitoa. Hiyo ipelekee fundi bunduki mwenye leseni.

Na kama umeikuta tu kwenye nyumba ya urithi na karatasi hazijulikani ziko wapi, safari yako inaanzia kituo cha polisi kabla ya kugusa kutu. Leseni ni ya mtu aliyeandikwa na bunduki iliyoandikwa. Usimwachie jirani seremala akutengenezee kitako nyumbani kwake.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Mafuta ya taa kikombe kimoja, na mafuta mepesi ya bunduki. Ukikosa ya bunduki, ya cherehani yanafaa.
- Sufi ya chuma laini kabisa, ile iliyoandikwa 0000. Ya kusugulia sufuria haifai, itachora chuma. Ukipata sufi ya shaba ni bora zaidi.
- Ganda tupu la risasi, shaba ya njano, mdomo wake umepigwa nyundo ukawa bapa. Hiki ndicho kikwangulio chako. Shaba ni laini kuliko chuma cha mtutu, kwa hiyo inang'oa kutu bila kukwaruza.
- Bisibisi zilizonolewa zikajaa sawasawa kwenye mfereji wa skrubu.
- Fimbo ya kusafishia mtutu, brashi ya shaba ya saizi ya mtutu wako, na vitambaa vya pamba. Khanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi haina mshindani.
- Asetoni, unga wa chaki nyeupe, na gundi ya epoksi inayokauka taratibu, ya saa 24. Ile ya dakika tano iache dukani.
- Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, ambayo mafundi rangi wanayaita linsidi. Yale mabichi hukauka polepole mno, utabaki na kitako kinachonata hadi Pasaka.
- Vipande vya tyubu ya baiskeli, mswaki wa zamani, na simu ya kupigia picha kila hatua.

Usitumie siki, soda, maji ya limau wala dawa ya kutoa kutu ya mafundi magari. Vyote vina asidi, na asidi haitofautishi kutu na weusi wa bunduki, kwa sababu weusi wenyewe ni aina ya kutu iliyotulizwa. Utapaka, utafuta, na chini yake utakuta chuma cheupe kama kijiko.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha ni tupu. Toa boliti kabisa. Tazama chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kwa macho, kisha ingiza kidole kidogo uhisi. Fungua magazini nayo uiguse ndani. Risasi zote zitoke chumbani, zikae chumba kingine chenye kufuli. Fanya hivyo hata kama mwenyewe ndiye uliyeiweka kabatini jana.

2. Legeza skrubu, usizilazimishe. Raifo nyingi za mtindo wa Mauser zina skrubu mbili kubwa chini, moja mbele ya magazini na moja nyuma ya kifyatulio. Tone la mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta mepesi, lala nalo, rudia asubuhi. Bisibisi isimame wima na ijae mfereji. Ikigoma, gusisha kichwa cha skrubu ncha ya chuma cha kulehemu kilichopata moto kwa dakika moja, acha ipoe, jaribu tena. Mfereji wa skrubu uliotafunwa humwonyesha kila atakayeishika baada yako kwamba aliyetangulia alikuwa na haraka. Andika ipi ilitoka mbele na ipi nyuma, kwa kuwa urefu wake mara nyingi hautofautiani sana.

3. Inua chuma kutoka kwenye mbao, kisha utazame vizuri. Hapa ndipo kazi ilipo.

Niliwahi kuletewa BSA iliyokaa miaka mingi Tanga. Juu ilipendeza: mtutu mweusi, mbao inang'aa, mwenye nayo alikuwa akiipangusa mafuta kila mwezi. Tulipoinua mtutu, ulitoka kwa sauti ya kubanduka, kama plasta ya kidonda. Ndani ya mfereji wa mbao kulikuwa na doa la kahawia lenye umbo lilelile la mtutu. Na kwenye chuma, kuanzia pale mbao ilipoanza kwenda chini, kulikuwa na mstari ulionyooka kama uliochorwa kwa rula: juu yake chuma kizima, chini yake vishimo ambavyo kucha ilikwama. Jasho la mkono na hewa ya bahari vilikuwa vimeteremka kwenye ule mwanya mwembamba, mbao ikanywa na kubaki mbichi, na chuma kikalala juu ya kitambaa chenye unyevu mwaka hadi mwaka. Kitambaa cha mwenyewe hakikuwahi kufika pale.

Kwa hiyo piga picha, kisha soma unachokiona. Kutu nyekundu inayoacha unga kidoleni iko hai, inaendelea kula. Madoa meusi magumu, yasiyoacha kitu kidoleni, yametulia, yaache. Vishimo havijazwi wala havisawazishwi. Unachotafuta ni kutoa wekundu ndani yake tu.

Bunduki zenye mbao inayofika hadi mdomoni mwa mtutu, kama Mannlicher-Schönauer nyingi, zinahitaji hatua hii kuliko zote. Mtutu mzima umefichwa.

4. Toa kutu kwa mafuta na subira. Paka mafuta mepesi mahali penye kutu, funika kwa kitambaa kilicholowa, acha usiku mzima. Asubuhi kwangua kwa lile ganda la shaba, ukililaza karibu bapa, mikwaruzo mifupi. Fuatisha sufi ya 0000 iliyolowa mafuta, ukisugua kwa uzito wa vidole viwili, si kiganja. Futa na utazame. Kitambaa kikitoka na matope ya kahawia, uko sawa. Kikianza kutoka cheusi, simama hapo hapo, sasa unaondoa weusi wa kiwandani. Rudia siku ya pili na ya tatu, maana kutu ya miaka arobaini haikubali kumalizwa jioni moja.

Anzia sehemu ambayo mbao itaifunika. Ukikosea, kosa litafichika.

Vipande vidogo vilivyofunikwa na kutu nyekundu nyepesi, kama kifuniko cha chini cha magazini au skrubu, vina njia nyingine niipendayo sana. Vioshe kwa asetoni visibaki na mafuta hata kidogo, kisha vichemshe kwenye maji safi kwa robo saa. Tumia maji ya betri, yale yasiyo na asidi, na usome chupa kabla ya kununua. Kutu nyekundu hugeuka nyeusi mbele ya macho yako. Ukitoa, sugua kidogo kwa sufi isiyo na mafuta, paka mafuta kikiwa bado na joto. Mafundi wa zamani walitia weusi mitutu yao kwa kanuni hiyohiyo: kuiotesha kutu kwa makusudi, kuichemsha, kuisugua, na kurudia mara nyingi. Kwa hiyo unairudisha kutu kwenye umbo lake la utulivu badala ya kuitupa.

5. Ndani ya mtutu. Ingiza fimbo kutoka upande wa chemba kila inapowezekana. Fimbo inayopigapiga mdomo wa mtutu huula taratibu, na mdomo ulioliwa upande mmoja hupeleka risasi kombo.

Bunduki iliyopigwa risasi za zamani, za enzi ya kordaiti (aina ya baruti ya zamani) au za jeshi, mara nyingi ina mtutu safi nje na ndani umeliwa. Sababu ni chumvi. Viwashio vya risasi zile viliacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi ikavuta unyevu hewani. Mafuta hayayeyushi chumvi, maji ndiyo yanayeyusha. Wawindaji wa zamani walibeba faneli na birika, wakamimina maji yanayochemka kupitia chemba yakatokea mdomoni, jioni ileile ya kuwinda. Nawe fanya hivyo mara moja, mtutu ukiwa nje ya kitako na umeelekezwa chini. Joto lenyewe litaukausha, lakini pitisha vitambaa vikavu vitatu au vinne, kisha chenye mafuta. Baada ya hapo brashi ya shaba na mafuta, vitambaa, acha hadi kesho, rudia hadi kitambaa kitoke bila wekundu.

6. Sasa mbao. Vitako vizuri vya zamani ni mti wa jozi, uliopakwa mafuta ya kitani tabaka kwa tabaka. Bonyeza kwa kidole gumba pale nyuma ya mkia wa bodi, yaani ncha ya nyuma ya kile chuma kinachobeba boliti. Kama mbao ni nyeusi, laini, na mafuta yanachuruzika kama jasho, umekutana na ugonjwa wa kawaida kuliko yote. Bunduki ilisimamishwa kabatini mdomo ukiwa juu, ikamiminiwa mafuta kwa mapenzi, na mafuta yote yakateremkia mbao ya shingo. Mbao iliyolewa mafuta haina nguvu. Bunduki inaporudi nyuma kwa kishindo cha risasi kubwa kama .375, inapasuka hapo.

Ng'oa mafuta kwa chaki. Changanya unga wa chaki nyeupe na asetoni upate uji mzito, paka unene wa kama nusu sentimeta, nje, mbali na moto. Ukikauka utageuka njano au kahawia. Piga mswaki, paka mwingine. Vitako vingine vinahitaji mara mbili, vingine nane. Weka kivulini penye joto, kamwe si juani saa sita. Usitumie chokaa ya ukutani, hiyo huunguza mbao na kubadili rangi yake.

Tazama pia matundu ya bungua. Matundu ya zamani ni meusi na makavu. Unga mpya unaodondoka ukikigonga kitako maana yake wadudu wako ndani, na dawa ya mbao iingizwe kwa sindano tundu kwa tundu kabla ya kazi nyingine.

7. Ufa. Usiubane kwa gundi nyeupe ya seremala, haishiki mbao yenye mafuta. Ukishatoa mafuta kwa chaki, fungua ufa kidogo kwa kijiti chembamba, osha ndani kwa asetoni mara mbili, subiri ukauke. Chota epoksi, ipashe kidogo kwa kuweka kikombe chake ndani ya maji ya moto ili ilainike, isukume ndani ya ufa hadi itokee upande wa pili. Funga kwa tyubu ya baiskeli ukiivuta kila mzunguko, futa iliyotoka, acha saa 24. Chuma kisirudishwe kabla ya hapo. Nimeona kitako kilichogundishwa pamoja na bodi, na kukitenganisha kulikipasua upya.

Kuunganisha tu hakutoshi ikiwa kilichopasua bado kipo. Chini ya bodi, mbele, kuna jino kubwa la chuma linaloegemea mbao na kupokea msukumo wote. Mbao nyuma ya jino inapochakaa, chuma kinarudi nyuma na mkia unakuwa kabari inayopasua shingo kama shoka. Dawa ni mbili: jino lilale sawasawa kwenye mbao, na nyuma ya mkia kubaki mwanya wa unene wa kadi ya benki. Mwanya huo unaweza kuuchonga mwenyewe kwa patasi kali, kidogo kidogo. Kulaza jino upya, kama hujawahi, mwachie fundi bunduki.

8. Mibonyeo na mng'ao. Mbonyeo ambao nyuzi za mbao zimelala tu bila kukatika huinuka kwa mvuke: kitambaa kilicholowa, ncha ya pasi ya moto, sekunde tatu, tazama, rudia. Usisogelee ile michoro ya kushikia, itavimba na kupoteza makali.

Kitako kisichopasuka wala kulewa mafuta hakihitaji kuvuliwa rangi. Kifute kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya kitani, sugua kwa kiganja hadi kipate joto, futa chote kilichobaki juu, ngoja siku nzima, kisha rudia. Matone matano yanatosha kitako kizima. Mbao iliyokuwa uchi ndani ya mfereji wa mtutu nayo ipate tabaka mbili nyembamba. Hapo ndipo unyevu ulikuwa unaingia.

Vitambaa vya mafuta ya kitani huwaka vyenyewe. Ukivikunja na kuvitupa kwenye ndoo, vinajipasha joto ndani hadi moto unatoka bila kiberiti. Vitandaze kimoja kimoja nje vikauke viwe vigumu, au vizamishe kwenye maji. Wengi hawaamini hadi kibanda kiungue.

9. Rudisha na uhifadhi. Chuma kitakachofichwa na mbao kipakwe grisi nyembamba au nta ya kung'arisha. Nta ya nyuki, ya Tabora au ya popote, ni nzuri juu ya mbao, ila ina asidi kidogo. Kwa sababu hiyohiyo British Museum walitengeneza nta yao isiyo na asidi miaka ya 1950, kwa vyuma vya makumbusho. Kaza skrubu ya mbele kwanza, kisha ya nyuma, kwa nguvu ya mkono bila kuning'inia.

Iweke kabatini mdomo chini, juu ya kipande cha zulia. Isikae ndani ya mkoba wa ngozi wala wa sufi ya kondoo. Ngozi inavuta unyevu na ina kemikali za kuitengenezea, nayo ni ya safari, si ya kulala. Wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, weka pakiti za kukausha unyevu na uinue mtutu kutoka kwenye mbao walau mara moja kwa mwaka, baada ya masika. Wa Dodoma na Singida shida yenu ni kinyume: mbao inakauka na kusinyaa, kwa hiyo angalieni skrubu zilizolegea.

Mambo yakikataa

*Kutu inarudi baada ya wiki.* Ama ulibakiza chumvi, ama mkono wako unaacha jasho. Osha sehemu hiyo kwa maji ya moto, kausha, paka mafuta, na baada ya kuishika futa kila mara. Wapo watu ambao jasho lao huacha alama za vidole za kutu usiku mmoja, nao wavae glavu za pamba.

*Kitako kinanata.* Ulipaka mafuta mengi. Futa kwa kitambaa chenye thina, ngoja siku tatu, paka tena kidogo.

*Weusi umetoka pale nilipokwangua.* Usikimbilie wino wa kupaka wa dukani, utakuwa na baka la bluu kwenye mtutu mweusi. Paka mafuta na uache. Sehemu iliyochakaa kwa uaminifu inapendeza kuliko kiraka.

*Ufa umefunguka tena.* Mafuta hayakwisha ndani, au mkia bado unasukuma. Rudi hatua ya 6 na 7.

*Bunduki imekuwa safi lakini risasi hazikai mahali pamoja.* Angalia kama mtutu unagusa mbao upande mmoja: pitisha noti kati ya mtutu na kitako. Inapokwama, hapo pamevimba.

*Kuna vishimo ndani ya chemba, au nyuma kwenye meno ya boliti.* Hapa kazi ya mezani imekwisha. Usiipige hata risasi moja kujaribu. Mpelekee fundi bunduki mwenye leseni aipime, naye akisema isipigwe, isipigwe, hata kama ni ile aliyoibeba babu. Itunze kwa hatua hizihizi, kwa leseni yake, mdomo chini.